Likizo ya Melania

Jumatatu, tarehe 12 Mei 2025, kikao cha asubuhi katika ofisi ya shirika la Tulindane, mjini Geita, kilianza kwa sala na kufuatiwa na makofi. Vikao vya Jumatatu vilikuwa hivyo tangu Paskalina aliposhika uongozi wa shirika hilo la kutetea haki za binadamu. Kila mfanyakazi alisimama akaeleza wiki yake ilivyokwenda: amewatembelea akina nani, ameambiwa nini, amekosa usingizi kiasi gani. Aliyeonekana kuchoka kuliko wenzake alipigiwa makofi ya kilo. Paskalina ndiye aliyeuanzisha utaratibu huo, kwa moyo mwema kabisa. Aliamini kwamba mtu anayeshinda kutwa akisikiliza misiba ya watu huvunjika moyo asipopongezwa.

Siku hiyo zamu ilimfikia Melania, binti wa Mhunze, mwembamba, mpole, asiyejua kupaza sauti. Kazi yake ilikuwa kukaa na wajane wa wachimbaji waliofukiwa katika maduara, yale mashimo marefu ya dhahabu kule Rwamgasa. Neno la kazi hiyo hasa lilikuwa kukaa. Alikwenda kwenye nyumba ya mjane, akaketi naye kwenye mkeka, akamsaidia kuchambua dagaa au kupepeta mchele, na mjane akizungumza, alisikiliza. Wajane waliokataa kuzungumza na mwanasheria, na mwandishi wa habari, na hata mchungaji, walizungumza na Melania.

"Jumamosi nilikuwa kwa mama mmoja nyuma ya mwalo wa kuoshea dhahabu," alisema, mikono ameifumbata mbele ya sketi. "Mwanawe alifukiwa mwezi wa pili. Amenionyesha kiatu. Ndicho walichokitoa. Kiatu kimoja." Hapo akaanza kucheka. "Kiatu chenyewe kilikuwa kimefungwa kamba vizuri. Vizuri sana. Kama mtu anayekwenda harusini."

Akaendelea kucheka peke yake. Machozi hayakumtoka, na uso wake haukuonyesha furaha wala huzuni. Kicheko kilitoka tu, kama maji yanavyotoka bombani ambapo koki imekufa.

"Melania, wiki hii kombe ni lako!" alisema Deusdedit, mwanasheria wa shirika, ambaye alikuwa na utani kwa kila jambo. "Jamani, tumpe kilo mbili!"

Wote wakapiga makofi. Paskalina naye aliinua mikono yake apige, lakini mikono ikabaki hewani, haikukutana.

Alikijua kicheko kile. Alikuwa amesoma saikolojia ukubwani, mwishoni mwa wiki, watoto wake walipokwisha kujitegemea, na cheti chake kilikuwa ukutani. Mara kwa mara alialikwa kuwafundisha walimu, wazee wa kanisa na viongozi wa sungusungu jinsi maumivu ya mtu mmoja yanavyohamia kwa anayeyasikiliza. Aliwaeleza kwa mfano wa kitambaa cha kufutia meza. Ukikifutia meza kutwa nzima bila kukikamua, aliwaambia, hufika wakati hakifuti tena, kinapaka. Watu waliupenda mfano huo na wakauandika. Lakini katika ofisi yake mwenyewe hakuwahi kuusema hata mara moja. Humo ndani kitambaa kilichokuwa kimelowa kupita vyote kilipigiwa makofi.

Kikao kilipokwisha, alimwita Melania chumbani kwake na kufunga mlango.

"Keti, mwanangu."

Melania aliketi ukingoni mwa kiti.

"Nataka uende nyumbani ukapumzike," alisema Paskalina. "Wiki mbili. Kesho upande basi uende kwa mama yako."

Melania aliinua macho. "Nimekosa nini, Mama Adam?"

"Hujakosa kitu. Umechoka."

"Sijachoka."

"Umecheka pale, Melania."

"Sitacheka tena."

Paskalina alitafuta maneno. Vitabu vilikuwa vimempa maneno mengi ya kuwaambia watu wa mbali, lakini kwa huyu aliyekaa mbele yake, aliyemwajiri mwenyewe akiwa bado mwanafunzi wa mazoezi, hayakupatikana. "Nenda ukapumzike tu," alirudia.

"Na Alhamisi je? Violeth anakwenda mahakamani Alhamisi. Nilimwahidi nitakaa karibu naye."

"Nitakwenda naye mimi."

Basi Melania akasimama. Alitoa mfukoni funguo za ofisi akaziweka mezani. Akavua kizibao chake chenye jina la shirika, akakikunja taratibu, kingo kwa kingo, akakiweka kando ya funguo. Alisema, "Asante kwa yote, Mama Adam," kisha akatoka. Paskalina alikitazama kizibao kile, akajiambia kwamba binti huyu ni mtu wa utaratibu hata anapokwenda likizo. Usiku huo alilala akiwa na hakika kwamba kwa mara ya kwanza ameitumia elimu yake mahali ilipotakiwa.

Asubuhi ya Jumanne Deusdedit aliingia chumbani kwake bila utani wowote usoni.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba."

"Mkurugenzi, mbona hukutushirikisha? Hata kama amekosea, ungetuambia tumuage vizuri. Tumekaa naye miaka."

"Kumuaga nani?"

"Melania. Si umemfukuza?"

"Nani kasema nimemfukuza? Nimemwambia akapumzike!"

Deusdedit alikuna kidevu. "Na Herman ulimwambiaje?"

Herman alikuwa dereva wao. Siku za nyuma alikutwa akiuza mafuta ya gari la shirika kwa bodaboda, na Paskalina, ambaye hakupenda kumwaibisha mtu mzima mbele ya vijana, alimwita chumbani mle mle, akafunga mlango ule ule, akamwambia, "Nenda nyumbani ukapumzike." Herman aliacha funguo mezani na hakuonekana tena.

"Tangu siku ile," alisema Deusdedit kwa sauti ya chini, "hapa hakuna aliyewahi kuomba likizo. Hukuona? Hosiana alipojifungua, alirudi kazini kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka. Mimi mwezi wa tatu nilikuja na malaria, nikatapika nyuma ya tangi la maji, nikanawa, nikaingia kwenye kikao. Ukanipigia makofi."

"Kwa nini hukuniambia unaumwa?"

"Ungeniambia nikapumzike!" Deusdedit alicheka kidogo, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki, naye akaacha.

Paskalina alimpigia Melania simu papo hapo, lakini haikupatikana. Huenda alikuwa ndani ya basi, kati ya Runzewe na Kahama, mahali ambapo mtandao huja na kutoweka. Alijaribu tena mchana, ikawa vilevile. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama ndipo simu yake mwenyewe ilipoita. Aliyepiga alikuwa Violeth.

Ni lazima kueleza Violeth alikuwa nani, na kwa nini moyo wa Paskalina ulishtuka alipoliona jina hilo. Violeth alikuwa mama lishe wa Rwamgasa, mwenyeji wa Runzewe, na mumewe Bujiku alikuwa mmoja wa wachimbaji wanne walioteremka duarani alasiri moja ya masika wasipande tena. Usiku ule mvua ilinyesha. Kulipokucha, mdomo wa duara lile ulikuwa umeshindiliwa kifusi, na msimamizi wake alisema kwamba hakuna mtu aliyeteremka. Vijana wale, alidai, walikuwa wamesikia habari za dhahabu mpya kwingine, wakahama. Maneno hayo ndiyo yaliyoandikwa, na tangu hapo wale wanne waliitwa waliohama. Ndugu wa Bujiku kule Runzewe hawakuwa wamenyoa nywele za msiba kwa sababu, bila mwili wala neno la mahakama, hakuna aliyethubutu kuwaambia kwamba kuna msiba. Mama yake bado alimwekea sahani.

Violeth alikuwa amepeleka chakula duarani alasiri ile. Alimwona mumewe akiteremka kwa kamba. Mtu mwingine aliyekuwa radhi kulisema jambo hilo hakuwepo. Alhamisi asiposimama mahakamani, shauri lingefungwa, na watu wanne waliokufa wangebaki kuwa watu waliohama.

"Mama Adam," sauti ya Violeth ilikuwa kavu, "Melania kaniaga leo asubuhi. Kaniomba nimsamehe kwa kuwa hataweza kunifikisha. Sasa nakuambia na wewe nisije nikaonekana mtu wa kuvunja miadi. Alhamisi siendi."

"Violeth, nisikilize. Melania hakufukuzwa."

"Kama yeye aliyekesha na sisi mmemtupa, mimi mtanishika kwa mkono gani?"

Simu ikakatika.

Paskalina alikaa na simu mkononi. Alijua la kufanya, na ugumu ulikuwa hapo hasa. Angempata Melania kwa simu, angemwambia neno moja tu, "Rudi," na Melania angerudi. Angepanda basi la alfajiri bila kuuliza, angefika Rwamgasa kabla ya giza, angeketi kwenye benchi la Violeth, na Alhamisi wangeingia mahakamani wameshikana mikono. Kisha angecheka tena, na siku moja kicheko kile kisingekuwa na mwisho. Paskalina alilijua hilo kwa kusoma. Na tangu kikao cha Jumatatu, alilijua pia kwa kuliona.

Alipiga. Safari hii simu iliita, ikapokewa na sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Shikamoo, mayu," alisema Paskalina, kwa heshima ya Kisukuma.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni Paskalina, wa ofisini kwa Melania. Naongea na mama yake?"

"Ndiye mimi, Limi. Amelala. Amefika saa tisa, hata uji hakunywa. Chumbani tumejaza pamba ya mwaka huu, amejitupa juu yake kama alivyo, na viatu vyake. Nimwamshe?"

Paskalina alifumba macho. Alimwona binti yule amezama katika lundo jeupe la pamba, vumbi la njiani likiwa bado miguuni mwake.

"Nimwamshe?" alirudia mama Limi.

"Hapana, mayu. Muache alale."

"Basi niambie mimi. Mwanangu kaiba?"

"Hajaiba."

"Katukana mtu?"

"Hapana, mayu. Hana kosa lolote. Mimi ndiye niliyemwambia vibaya jambo zuri. Akiamka, mwambie kazi yake ipo na funguo zake ninazo, namtunzia. Mwambie asije mpaka wiki mbili ziishe."

"Nitamwambia. Wabeja, asante sana. Ila nikuulize. Huyu mtoto akilala anataja watu. Majina matupu, moja baada ya jingine, kama anaita waliochelewa chakula. Wengine wanaume, wengine wanawake, ukoo wetu hauwajui. Ni akina nani hao?"

"Ni watu wa kazini, mayu."

"Wazima?"

Paskalina aliaga, akaweka simu chini, na chumba kikaingia giza akiwa hajawasha taa.

Jumatano aliendesha gari la shirika peke yake hadi Rwamgasa. Njia nzima alipanga maneno. Alikumbuka yote aliyofundishwa: uliza swali linalompa mtu nafasi, usimkatize, inamia kidogo mbele, mwonyeshe kwamba upo naye. Alipofika, kelele za makarasha, zile mashine za kusaga mawe, zilikuwa zimejaa hewani hata akasahau nusu ya maneno hayo. Kibanda cha Violeth kilikuwa hatua chache kutoka hapo, mabati juu, magunia pembeni, na vumbi la mawe limetanda juu ya kila kitu isipokuwa masufuria.

Violeth alikuwa akipakua ugali. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Hakuacha mwiko.

"Karibu, Mkurugenzi. Leo umekuja peke yako? Wageni wako wako wapi? Wale wa kamera?"

"Leo sina wageni, Mama Ndaki."

"Basi hujazoea njia hii bila wageni. Keti usije ukapotea."

Wachimbaji waliokuwa wakila walicheka. Mmoja wao, aliyepakwa matope mpaka kwenye nyusi, aliuliza, "Mama Ndaki, huyu ni wa serikali?"

"Ni wa haki."

"Haki ipi? Mwambie aanze na mchuzi. Hapa tunadhulumiwa kila siku, nyama zinaogelea tu, hazikamatiki."

"Wewe utakamata nyama na mikono hiyo? Nenda kanawe!"

Paskalina aliketi, akainamia mbele kidogo, akaanza kutikisa kichwa kwa upole. Violeth alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Usinitikisie kichwa," alisema. "Nimetikisiwa vya kutosha. Kila ulipokuja hapa na gari ulileta watu, ukaniambia, Violeth, waeleze hawa. Nikawaeleza. Wakatikisa vichwa, wakaandika, wakapiga picha sufuria zangu. Wakaondoka na Bujiku wangu, kila mmoja na kipande. Melania peke yake ndiye hakuniuliza. Sasa na yeye umemtoa."

"Nimempumzisha," alisema Paskalina. "Nilimchosha mwenyewe, kidogo kidogo, huku nikimpigia makofi. Yuko kwao, amelala. Ningeweza kumwita aje akubembeleze, na angekuja. Sikumwita."

Violeth aliweka mwiko chini. "Yeye umempa likizo," alisema polepole. "Na mimi je? Likizo yangu mimi ananipa nani?"

Paskalina alinyanyuka, akavuta karai la vyombo vichafu, akaanza kuosha sahani kwa kuwa mikono yake haikuwa na kazi nyingine. Violeth hakumzuia. Wateja walikuja na kwenda. Paskalina aliosha, akasuuza, akafuta meza, akakikamua kitambaa na kukitandaza kwenye kamba. Alasiri ilipoingia, watu wakapungua, naye akaketi kwenye benchi, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo.

Hapo ndipo Violeth, akichagua maharage ya kesho kwenye ungo, alipoanza kuzungumza bila kuulizwa. Hakuanza na duara. Alianza na Bujiku alivyopenda mlenda uliolala, alivyoimba vibaya kanisani hata kwaya ikamwomba ashike kapu la sadaka, alivyomwita Ndaki "mzee" tangu mtoto akiwa mchanga. Paskalina alisikia hadi hapo. Mngurumo wa makarasha ulikuwa sawa na wa mvua ya mbali, jua lilikuwa limemshika magotini, na miaka ya vikao vya Jumatatu ilikuwa mabegani mwake. Akalala.

Alipoamka, vivuli vilikuwa virefu, na juu yake palikuwa na kitenge ambacho si chake. Ungo ulikuwa umejaa maharage safi. Alishtuka hata akakaribia kuanguka. Mtu anakueleza kifo cha mumewe, nawe unalala! Lau mwanafunzi wake angefanya hivyo, asingemruhusu tena kusogelea mtu aliyeumia.

"Violeth! Nisamehe, mama. Nisamehe sana."

Violeth alikuwa akicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha tumboni. "Nimewaeleza watu wengi habari hii. Wengine wamelia. Wewe ndiye wa kwanza kukoroma."

"Nimeona aibu."

"Aibu ya nini? Nilikutazama nikajiambia, kumbe huyu naye ni mtu. Nilidhani nyie wenye magari mnachajiwa kama simu." Aliufuta uso wake kwa upindo wa kanga. "Nikaendelea kusema. Unajua nilisema mpaka mwisho? Kamba, mvua, kifusi, yote. Hakuna aliyenihurumia, hakuna aliyeandika. Kila nikisema mbele ya watu huwa nawatazama wao, nisije nikawaumiza, halafu nakwama. Leo nimeutazama ungo wangu tu. Sikukwama."

Karasha moja lilizimwa, kisha jingine.

"Kesho nitakwenda," alisema Violeth. "Nitasema mara moja. Baada ya hapo gari lako lisiniletee mgeni hata mmoja, awe wa Dodoma, awe wa Ulaya. Anayetaka kujua akasome walichoandika mahakamani."

"Sitaleta."

"Na mtoto yule asiitwe."

"Haitwi."

"Na wewe usinitikisie kichwa. Kaa nyuma. Ukisinzia, sawa."

Alhamisi Violeth alisimama kizimbani na kitambaa chake cheusi, akatazama ubao wa kizimba kama vile alivyoutazama ungo, akasema. Wakili wa mwenye duara alimuuliza atathibitishaje kwamba mumewe hakuhama. Alijibu, "Aliniambia nimwachie sahani, atakula akipanda. Bujiku hajawahi kuuacha mlenda wangu. Angekuwa amehama, angehama ameshiba." Watu wachache walicheka, kisha wakajutia kicheko chao. Paskalina, kiti cha nyuma, hakutikisa kichwa.

Mwisho haukuwa wa kishindo. Hakimu aliahirisha shauri hadi Julai na kuagiza duara lifukuliwe, na kila mtu mle ndani alijua jinsi agizo linavyoweza kusafiri polepole. Lakini alipokuwa akisoma majina ya wale wanne, hakusema waliohama. Alisema marehemu. Violeth alilisikia neno hilo, akainamisha kichwa, mabega yakamshuka kama ya mtu aliyetua ndoo.

Nje, chini ya jua la mchana, alikifungua kile kitambaa cheusi. "Nakwenda Runzewe," alisema. "Nikamwambie mama yake. Sasa tutanyoa."

Jumatatu iliyofuata kikao kilianza kwa sala, na hapakuwa na makofi. Paskalina aliwaeleza wafanyakazi wake habari ya Herman jinsi ilivyokuwa, mafuta na yote, kwa kuwa uongo wake wa adabu ndio uliokuwa umewanyima likizo watu wasio na kosa. Kisha akatoa funguo zake mwenyewe akaziweka mezani mbele ya Deusdedit.

"Nakwenda nyumbani kupumzika," alisema. "Wiki mbili. Nikirudi ni zamu ya Hosiana, kisha yako wewe, na malaria yako."

Deusdedit alizitazama funguo kana kwamba zingemuuma. "Mkurugenzi," aliuliza hatimaye, "wewe umefukuzwa na nani?"

Kicheko kikapasuka, nao wakacheka mpaka wakafuta macho. Paskalina alicheka pamoja nao, akasikia jinsi alivyochoka.

Hakwenda moja kwa moja kwake. Alipitia Mhunze kwanza, kwa sababu kulikuwa na swali ambalo hakuwa amelijibu. Alimkuta Melania shambani na kikapu kiunoni, akichuma pamba ya mwisho, uso umerudiwa na rangi. Hawakusemezana mengi. Jioni waliketi uani, wote watatu, na mama Limi akauliza tena, kwa namna ile ile.

"Yale majina. Ni ya wazima?"

"Wamekufa, mayu," alijibu Paskalina.

"Na nyie mmewalilia lini?"

Walitazamana. Walikuwa wamewaandikia taarifa, wamewaitia mikutano, wamewapeleka mahakamani. Lakini kwa kuwa marehemu hawakuwa ndugu zao, hakuna aliyewaketisha wao wawili chini, hakuna aliyewaletea maji, hakuna aliyewaambia poleni.

Mama Limi aliingia ndani, akatoka na mkeka na birika. Aliutandika mkeka kama unavyotandikwa penye msiba. "Haya, yataje," alimwambia mwanawe, "ukiwa macho."

Melania akayataja. Yalikuwa mengi. Kwa kila jina mama Limi aliitikia, "Pole, mwanangu," naye Paskalina, ambaye alikuja kama mkuu wa kazi, alijikuta akiitikia pia, akilia. Lilipokwisha la mwisho, mama Limi aliwamiminia maji, wakanawa mikono na nyuso. Kisha akaleta ugali.

Usiku ule Melania alilala kimya.

Wewe uliyesoma hadi hapa, bila shaka unamjua mtu aliyepewa kazi ya kubeba ya wengine: mwenyekiti wa kikundi, muuguzi, katibu wa kanisa au wa msikiti, mwalimu, mzee wa mtaa. Usiukunje ukurasa huu ukauweka juu ya kabati. Mpelekee yeye. Kama hana nafasi ya kusoma, msomee wakati anachagua maharage, na akisinzia katikati, mfunike kitenge, umalizie kusoma kwa sauti ndogo, kisha umpe mwingine.